Njia ya Pwani Isiyo na Basi ni ya Wenye Magari



Iko nchi ndogo upande wa magharibi wa kisiwa cha Uingereza iitwayo Wales. Watu wake walichimba makaa ya mawe, walifua chuma na kutengeneza mabati kwa vizazi vingi. Tarehe 5 Mei 2012 nchi hiyo ilifungua njia ya miguu inayofuata pwani yake yote, toka mpaka mmoja hadi mwingine. Urefu wake ni maili 870, yaani kilomita 1,400, zaidi ya mwendo wa barabara kutoka Kampala mpaka Mombasa. Anayeipita hatozwi kiingilio, wala haulizwi anafanya kazi wapi. Anashuka kwenye basi, anasukuma kigeti cha mbao, anakwenda zake kando ya bahari.

Tumezisoma habari za njia hiyo, tukaulizana, tukazisoma tena, na tumeona zinatuhusu. Zinatuhusu kwa sababu njia ile haikutolewa na tajiri aliyeamka asubuhi akiwa na moyo mwema. Mizizi yake iko katika madai ya watu wa viwandani. Tena zinatuhusu kwa sababu njia hiyo, baada ya kupatikana, imeonyesha kasoro moja kubwa ambayo sisi twaweza kuikwepa kama tukiiona mapema. Haki ya kupita, kama huna nauli ya kufika mahali pa kupita, ni haki ya karatasi.

Tunajua wako watakaouliza: chama cha wafanyakazi kina habari gani na matembezi? Mishahara haitoshi. Sukari tunaipika sisi wenyewe na bei yake dukani hatuiwezi. Vibarua hawana mikataba. Na ninyi viongozi mnaandika juu ya kutembea ufukweni! Mkata miwa hutembea tangu alfajiri mpaka jua la utosi. Mchuma chai hupanda na kushuka mlima na kikapu mgongoni. Jumapili mwili wake unataka kitanda.

Neno hilo ni zito na hatulipuuzi. Lakini na tuulize: mtu anayetembea shambani anatembea kwa ajili ya nani? Hatua zake zimehesabiwa katika kipande alichopimiwa. Macho yake yako kwenye shina la muwa linalofuata. Hana ruhusa ya kusimama kutazama ndege. Kiwandani mambo ni yale yale. Mashine inampangia mtu asimame lini, ale lini, aende haja lini. Siku ya mapumziko ndiyo siku pekee ambayo miguu ni mali ya mwenyewe. Na siku hiyo tunaipeleka wapi? Nyumba ya kambi ni chumba kimoja, watoto watano, moshi wa jiko na redio ya jirani. Asiyelala huenda kilabuni, na senti iliyobaki Jumamosi inaishia huko. Hatumhubirii mtu juu ya pombe. Tunasema tu kwamba pasipokuwa na pengine pa kwenda, kilabu kitajaa.

Hivyo ndivyo walivyoona wafanyakazi wa Manchester, mji wa viwanda vya pamba, katika miaka ya baada ya vita kuu ya kwanza. Juma zima walikuwa ndani ya moshi. Siku ya mapumziko walitaka kupanda milimani, na milima ilikuwa karibu. Lakini vilele vyake vilikuwa mali ya mabwana wachache, waliovitunza kwa ajili ya kuwinda ndege siku chache tu za mwaka. Walinzi wenye fimbo waliwafukuza wapitaji. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana walipanda mlima wa Kinder Scout kwa pamoja, bila ruhusa, mchana kweupe. Aliyewaongoza ni Benny Rothman, kijana wa miaka 20. Vijana watano walitiwa gerezani, na Rothman mwenyewe alipata miezi minne. Kupita tu katika ardhi ya mtu hakukuwa jinai, kwa hiyo walishtakiwa kwa fujo. (Ndugu waliowahi kugoma wanaujua mtindo huo wa mashtaka.)

Hukumu hiyo iliwachukiza hata watu ambao hawakukubaliana na vijana wale. Miaka minne baadaye, 1936, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 52 juu ya likizo yenye malipo, na mwaka 1938 Bunge la Uingereza likatunga sheria yake ya likizo yenye malipo. Tuzingatie jinsi mambo mawili yalivyokwenda sambamba. Wengine walidai mahali, wengine walidai siku. Mahali bila siku hapamfai mtu, na siku bila mahali huishia kitandani.

Mwaka 1949 ikaja sheria ya hifadhi za taifa na njia za mashambani. Mwaka 1952 pwani ya Pembrokeshire, kusini magharibi mwa Wales, ikatangazwa kuwa hifadhi. Mtaalamu wa ndege na viumbe aitwaye Ronald Lockley alipewa kazi ya kuipima njia katika miaka ile ile, na kila mwenye shamba akaanza kuombwa: huyu akubali, yule akatae, mwingine adai ua ujengwe kwanza. Njia hiyo ya maili 186 ilifunguliwa mwaka 1970. Miaka kumi na minane kwa kipande kimoja! Basi anayelalamika kwamba mazungumzo ya mkataba wetu yamechukua miezi minane, na asome tena mstari huo. England walitunga sheria yao ya pwani mwaka 2009 na wamekuwa wakiifungua njia yao kipande kwa kipande. Scotland walikwenda mbele ya wote mwaka 2003: mtu ana haki ya kupita karibu katika ardhi yote, mradi awe na adabu na asiharibu mazao.

Sasa tuitazame njia yenyewe, maana haifai kupigania kitu usichokijua.

Karibu na mji wa Swansea uko mlango wa mto Loughor, mahali mto unapokutana na bahari. Msomaji wa bara aelewe kwamba maji ya bahari hupwa na kujaa mara mbili kila siku, na katika milango ya mito ya Wales tofauti ya kina ni kubwa mno. Yakipwa, unabaki uwanja mpana wa matope na mchanga ambapo saa chache zilizopita ilikuwa bahari. Kwa vizazi vingi wanawake wa kijiji cha Penclawdd walishuka katika uwanja huo na punda wao kuchokoa kome wadogo waliojificha mchangani, wakafuata maji yanavyokwenda, wakarudi kabla hayajawazunguka. Waliwachemsha kome hao na kuwauza katika soko la Swansea. Ilikuwa kazi ya mgongo uliopinda, katika baridi ambayo sisi hatuijui. Mshahara wa mgodi ulipokatika, kome ndio waliolisha nyumba. Anayepita huko leo akiwa na chupa yake ya chai anatazama mahali pa kazi, na hilo sisi tunalipenda. Mandhari isiyo na jasho la mtu ndani yake ni picha ya kalenda tu.

Ng'ambo ya mlango huo, huko Pembrey, vilima vya mchanga vilikuwa na kiwanda cha baruti katika vita zote mbili za dunia. Sababu ya kukiweka pale ilikuwa vilima vyenyewe: jengo moja likilipuka, mchanga uzuie moto usifike jengo la pili. Maelfu waliajiriwa, wengi wao wanawake. Kiwanda kilifungwa katika miaka ya 1960, na leo mahali pale ni bustani ya umma yenye msitu wa misonobari, na kuta za zege za siku zile bado zinaonekana kati ya miti. Mtoto wa mfanyakazi anateleza kwa kibao juu ya kilima kilichowahi kumkinga bibi yake.

Kilima cha mchanga si kitu kilichokufa, kama wengi wanavyodhani. Maji yakipwa, upepo hukausha mchanga wa ufukweni na kuusukuma nchi kavu mpaka ukutane na kizuizi, hata kama ni lundo la mwani. Nyasi ngumu yenye mizizi mirefu huota hapo. Kadiri mchanga unavyoifunika ndivyo inavyozidi kuchipua juu, na mizizi yake inaushika mchanga kama wavu. Ukizikata nyasi hizo, au ukizikanyaga ovyo, mchanga unaanza safari tena. Mashariki ya Swansea palikuwa na mji uitwao Kenfig, wenye ngome na soko. Mchanga uliingia mjini mwaka baada ya mwaka, tangu miaka ya 1200 hadi 1400 na kitu, mpaka watu wakahama. Leo kipande cha ukuta wa ngome kinachungulia juu ya nyasi, basi. Na katika kisiwa cha Anglesey, kaskazini, serikali ya Malkia Elizabeth wa Kwanza ilikataza watu wa Newborough kukata nyasi za vilima kwa sababu mchanga ulikuwa unameza mashamba. Hata hivyo wanawake wa kijiji hicho walijulikana kwa kusuka nyasi hizo kuwa mikeka na kamba, na kazi hiyo ilidumu mpaka karne ya 20. Dada zetu wa pwani wanaosuka ukili wangeweza kukaa nao baraza moja bila mkalimani.

Kando ya Kenfig ndipo ulipo mji wa Port Talbot wenye kiwanda kikubwa cha chuma. Kiwanda kimekalia ufuko, na njia ya pwani inalazimika kuzunguka nyuma yake. Tanuru moja lilizimwa Julai 2024, na la mwisho likazimwa tarehe 30 Septemba mwaka huo huo. Kazi kama elfu mbili za mji huo zikaenda nayo. Tunalitaja jambo hili kwa makusudi. Yuko mtu ambaye akisikia kiwanda kimefungwa husema, hapana neno, watakuja watalii. Mtalii ananunua mkate na chai, halafu anapanda basi. Mshahara wa fundi wa tanuru hautoki katika mkate na chai. Njia ya miguu ni haki ya mtu mwenye kazi kupumzika, na ni haki ya asiye na kazi kupita pia, lakini asitokee mwajiri wala waziri kutuuzia njia mahali pa ajira.

Sasa twende Milford Haven, bandari ya mafuta na gesi iliyo katika mlango mrefu wa maji ndani ya Pembrokeshire. Hapa tungewaomba wawakilishi wa matawi wasome polepole. Tunapodai njia ya kwenda majini iachwe wazi, jibu la mwajiri ni moja daima: usalama. Wezi watapita, moto utawaka, mtu ataumia na kampuni itashtakiwa. Basi huko Milford Haven njia ya umma inapita kando ya mitambo ya mafuta na gesi. Mahali mabomba yanaposhuka gatini, watu wanavuka kwa daraja la miguu lililozungushiwa wavu juu na pembeni. Mtu yeyote anapita, na watoto wake, na mbwa wake. Kama pale penye petroli na gesi wameweza kumpisha mtu wa miguu, shamba la miwa linashindwa nini?

Hatusemi kila mahali pawe wazi kila saa. Kwenye pwani hiyo hiyo kuna uwanja wa jeshi wa Castlemartin, na siku za kupiga risasi bendera nyekundu hupandishwa na njia hufungwa. Huko Rhossili upo mwamba uitwao Worm's Head unaofikika kwa miguu kwa muda wa saa mbili na nusu tu kabla ya maji kupwa kabisa na saa mbili na nusu baada yake. Anayechelewa atakaa huko mpaka maji yapwe tena, na anayejaribu kuogelea anaweza kufa. Saa za maji hubandikwa ubaoni. Watu wanazisoma, wanatii. Mtu mzima akielezwa sababu hutii kuliko akionyeshwa bunduki.

Tumefika kwenye basi.

Njia ndefu ina taabu yake. Mwenye gari huliacha mahali, akatembea saa mbili, kisha analazimika kurudi alikotoka, kwa kuwa gari haliwezi kumfuata. Abiria wa basi anashuka kituo hiki, anatembea mpaka kituo kile, anapanda tena. Hapa, kwa mara moja, asiye na gari amemshinda mwenye nalo. Huko Pembrokeshire yapo mabasi madogo yanayofuata pwani kwa kusudi hilo, na nje ya miji dereva husimama popote palipo salama mtu akimpungia mkono, kama wafanyavyo madereva wetu wa njia za mashambani. Kwenye milango ya mito basi ni muhimu zaidi. Bahari inapoingia ndani ya nchi, njia nayo inaingia ndani kulitafuta daraja. Unaona kijiji cha ng'ambo kwa macho, unasikia mbwa wake wakibweka, na kukifikia kwa miguu ni siku nzima. Kati ya Ferryside na Llansteffan mashua ya kuvusha watu ilirudishwa mwaka 2018 baada ya kukosekana kwa miaka mingi. Penginepo ni basi, au ni miguu mpaka usiku.

Lakini mabasi hayo yamepitia mambo. Sheria ya mwaka 1985 ilivunja utaratibu wa zamani, na kuanzia tarehe 26 Oktoba 1986, nje ya London, kila kampuni iliruhusiwa kuchagua njia inayoitaka. Walichagua zenye faida, nani asingefanya hivyo? Njia za vijijini, za jioni na za Jumapili zikaachiwa mabaraza ya wilaya yazilipie ruzuku, na mabaraza yalipopungukiwa fedha, mabasi hayo ndiyo yaliyokatwa mwanzo. Leo vipo vijiji vingi vya pwani ambavyo Jumapili havioni basi. Mabasi ya pwani ya Pembrokeshire hufanya kazi zaidi majira ya joto. Majira ya baridi siku zake hupunguzwa. Tazameni basi mchezo ulivyo. Njia imefunguliwa kwa sheria, vibao vimesimikwa, mawaziri wamekata utepe, na mfagiaji wa hospitali anayepumzika Jumapili hawezi kufika. Jumapili hiyo hiyo viwanja vya kuegesha vimejaa magari ya watu wa mijini.

Tusidhani kwamba hali hiyo haina dawa. Nchini England serikali iliweka nauli ya basi isizidi paundi mbili kwa safari moja tangu Januari 2023, ikapandisha kuwa tatu Januari 2025. Baraza la Swansea limewahi kuwapa wakazi siku za kupanda mabasi bure. Fedha za nauli ni jambo la uamuzi. Anayesema haiwezekani ana maana kwamba hajaamua.

Turudi kwetu. Sisi hatuna bahari, lakini tuna ziwa ambalo mtu akisimama ukingoni haoni ng'ambo, na tuna mto unaotoka hapo kwenda mpaka Misri. Katiba yetu ya mwaka 1995 inasema maziwa na mito inashikwa na serikali kwa niaba ya wananchi wote. Kanuni za mwaka 2000 zinalinda ukingo wa maziwa makubwa kwa upana wa mita 200 kutoka majini. Kanuni hizo ziliwekwa kwa ajili ya kuhifadhi maji na mimea, nasi tunaziunga mkono. Lakini ukingo uliohifadhiwa na ukingo unaofikika ni mambo mawili. Ufuko baada ya ufuko umezungushiwa uzio, na penye mlango pana mtu wa kukata tiketi. Baba mwenye watoto wanne akilipa kiingilio cha watu sita, amekula posho ya juma.

Upande wa siku, sheria tunayo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi saa 24 za mapumziko baada ya siku sita za kazi, na likizo yenye malipo ya siku saba kwa kila miezi minne, yaani 21 kwa mwaka. Wangapi kati yetu wanazipata zote? Wengi huambiwa wauze likizo, nao huuza kwa sababu ada ya shule imefika. Na tuseme jambo lingine ambalo katika mikutano yetu linasemwa kwa sauti ndogo. Kwa dada zetu, saa 24 za sheria si za mapumziko hata kidogo. Jumapili ndiyo siku ya kufua, kuchota maji, kusonga posho na kutafuta kuni. Mume akienda ziwani kupunga upepo na mke akabaki na beseni la nguo, chama hakijapata kitu. Wanaume wausome mstari huu mara mbili.

Katika shamba moja, ambalo hatulitaji kwa kuwa mazungumzo hayajaisha, palikuwa na njia ya miguu toka kambini mpaka mwaloni. Wavuvi waliipita, wachota maji waliipita, wazee walioanza kazi zamani wanasema waliikuta. Mwaka juzi ilifungwa kwa seng'enge, akawekwa askari. Sasa watu wa kambi hiyo wakitaka kufika ziwani huzunguka kwa barabara kuu kwa bodaboda, kwenda na kurudi, kwa nauli inayokaribia kutwa moja ya kibarua. Samaki waliokuwa wakinunuliwa kwa mvuvi sasa hufika kambini kwa mchuuzi, na bei imepanda. Mnaona kwamba njia ya matembezi ni njia ya kitoweo pia. Penclawdd walilijua hilo.

Kwa hiyo halmashauri imekubali kuyaingiza mambo mawili katika madai ya mkataba ujao. La kwanza, njia zote za miguu za zamani zinazofika majini zipimwe, ziandikwe katika ramani, na zibaki wazi toka mapambazuko mpaka jua kuchwa, kwa upana wa mita tatu. Penye mfereji au mtambo liwekwe daraja au wavu kwa gharama ya mwajiri. Upande wetu tutaahidi kwamba atakayekamatwa akivunja miwa au kutupa uchafu njiani, chama hakitamtetea. Wengine wamelipinga shartihilo wakisema ni kujifunga wenyewe. Sisi tunaona bila hilo hatutasikilizwa. Hata Scotland haki ile kubwa imefungamanishwa na adabu ya mpitaji.

La pili ni basi. Magari ya kampuni yanayobeba wafanyakazi siku sita hulala yadini siku ya saba. Tunadai gari moja litoke kila kambi Jumapili mbili za mwezi, asubuhi na jioni, lishuke mpaka ukingoni, likusanye watu mahali pengine walipofika kwa miguu, wasilazimike kurudi nyuma. Wake, waume na watoto wapande. Mafuta yatoke katika fungu la ustawi wa wafanyakazi, ambalo tumeliona katika hesabu na hatujaona limetumika wapi.

Matawi yaandike barua kabla mazungumzo hayajaanza, yataje njia kwa majina zinazoitwa na wenyeji na miaka zilipofungwa. Wazee wahojiwe kwanza. Wao hawatakuwapo daima, na mwenye kampuni anaijua kalenda.

Lipo swali moja lililoletwa na madereva, na wana haki kuliuliza: nani ataendesha gari hilo siku ya mapumziko? Dereva ni mwanachama wetu kama mkata miwa. Jumapili atakayofanya kazi ilipwe kwa kiwango cha siku ya mapumziko, apewe siku nyingine nzima katika juma lile lile, na zamu izunguke ili asibebeshwe mtu mmoja kila mara. Mwajiri akikataa sharti hilo, tusilipande gari lake. Tutaendelea kuidai njia, na Jumapili tutakwenda kwa miguu.